Bustani yenye maua Tabora mwezi wa sita, mvua ikishakata

Ukipita mitaa ya Cheyo au Kiloleni mwezi wa sita utakuta nyumba mbili zimepakana, moja uwanja mtupu mchanga mweupe na majani makavu yanapeperuka, ya pili ukuta mzima umewaka bogenvilia mpaka watu wanasimamisha bodaboda kupiga picha. Na mara nyingi huyo wa pili wala hamwagilii maji kumzidi jirani yake. Kuna watu wamejiwekea kichwani kwamba Tabora kiangazi kikianza basi habari ya maua imeisha mpaka Novemba, si kweli hata kidogo, ipo mimea ambayo huu ukame na hiki kibaridi cha usiku ndio vitu ilivyokuwa inavisubiri. Kazi yako ni kuijua hiyo, uipe nafasi nzuri, na ile inayolialia maji kila siku uipunguze ibaki michache tu karibu na mlango.

Kabla ya kununua mche wowote angalia hali ya hewa yetu ilivyo. Mvua inaanza Novemba hivi, ikifika mwisho wa Aprili au Mei mwanzoni inakata, na kutoka hapo mpaka Oktoba ni kavu. Juni na Julai mchana jua ni lile lile, nyuzi 28 hivi, ila usiku inashuka mpaka kama 15, si unaona asubuhi watoto wanaenda shule na masweta, mji wetu uko juu kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Alafu kuna upepo mkavu na vumbi. Alafu kuna jambo la tatu ambalo wengi hatulioni kabisa, usiku unakuwa mrefu kidogo. Tarehe 21 Juni huku kusini mwa ikweta ndio siku fupi kuliko zote, na kwa Tabora tofauti yake na Desemba ni kama nusu saa tu, sisi binadamu hatuistukii lakini mimea mingine inaihesabu dakika kwa dakika. Kwahiyo unazo dalili tatu, ukavu, baridi ya usiku na giza refu, na mimea mingi nitakayoitaja hapa inafuata moja au mbili kati ya hizo.

Tuanze na bogenvilia kwa sababu ukiwa na hela ya mche mmoja tu, nunua huo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, Brazil na jirani zake, na ni mmea wa jua kali, unataka walau masaa sita ya jua la moja kwa moja, ukiupanda chini ya mwembe utapata majani na miiba basi. Chuma kishada kimoja ukiangalie kwa karibu, zile karatasi tatu za rangi unazoziita maua ni majani yaliyogeuka, ua lenyewe ni kale kamrija kembamba keupe, na kila karatasi imebeba kake kwenye mshipa wa katikati. Ndio maana rangi inakaa wiki nyingi hata kale kamrija kakishanyauka, jani halina haraka ya kudondoka kama ua.

Sasa siri ya bogenvilia ni kuinyima. Mti ulioshika ardhini mwaka wa pili na kuendelea, mvua ikikata acha kuumwagilia kabisa, ukiona watu wanauwekea mpira kila jioni Mei na Juni alafu wanalalamika haitoi, jibu ndio hilo, maji mengi yanauambia mmea endelea kuota matawi. Ya kwenye ndoo au tairi huwezi kuiacha kabisa itakufa, hiyo unasubiri mpaka majani yaanze kulegea kidogo, hapo unamwaga maji yapite mpaka yatoke chini, kisha unasubiri tena. Na usihangaike kuihamishia kwenye ndoo kubwa, mizizi ikibanwa kidogo ndio inatoa vizuri. Mbolea ya kuku na urea weka mbali nayo msimu huu, zinaleta majani tu. Maua yanatoka kwenye machipukizi mapya, kwahiyo kata ncha za matawi mvua zikiwa zinaishia, mwezi wa nne hivi, ili machipukizi yatoke na unyevu wa mwisho na ukame uyakute yako tayari. Ukikata mwezi wa sita umejikatia maua mwenyewe. Kuhusu rangi kila mtu na macho yake, mimi naona ile ya zambarau iliyokolea ndio ngumu kuliko zote na ukuta wa tofali za kuchoma unaibeba vizuri, nyeupe ni nzuri usiku ila vumbi la Julai linaimaliza.

Ya pili ni poinsetia, ule mti wenye majani ya juu yanayogeuka mekundu. Wazungu wanaijua kama ua la Krismasi kwa sababu asili yake ni Meksiko, kaskazini mwa ikweta, na kule masiku yenye usiku mrefu yanaangukia Desemba. Kwetu majira yamegeuka, kwahiyo yetu inaanza kubadilika Mei na Juni mpaka Agosti bado ipo. Usiku mrefu wa giza lisilokatika ndio unaoigeuza rangi. Hilo neno lisilokatika lishike vizuri, maana ukiupanda chini ya taa ya ulinzi inayowaka mpaka asubuhi unaweza kukaa mwaka mzima unasubiri wekundu usiouona. Nenda kaangalie mti uliopandwa kwenye kona ya nyumba yenye taa, upande wa gizani umewaka mwekundu na upande ulioelekea taa umebaki kijani kibichi, mti huo huo mmoja. Dawa ni kuhamisha taa, au kuweka ya kuwaka mtu akipita tu, au kupanda mti wenyewe nyuma ya nyumba. Na usikate matawi yake baada ya Februari, ukikata Aprili unaondoa ncha zile zile zilizokuwa zinajiandaa.

Ukishakuwa na hizo mbili, weka mshubiri. Karibu kila nyumba ina kichaka cha aloevera kimetupwa nyuma kwa ajili ya dawa ya kuungua, lakini zipo aina nyingi za mishubiri zinazotoa mikuki ya maua ya machungwa na mekundu katikati ya kiangazi bila hata kikombe cha maji, na hapo ndio utaona wale ndege wadogo chozi wanaong'aa wanakuja asubuhi kunyonya, yaani hiyo peke yake inatosha kukutoa nje na chai yako. Ipande mahali palipoinuka, izungushie kokoto, basi. Adeniamu, ile wengine wanaita waridi la jangwani yenye shina nene lililovimba chini, nayo ni hivyo hivyo, jua na ukavu, ikiwekwa kwenye beseni pana lenye matundu inapendeza kuliko ardhini. Taji la miiba kutoka Madagaska, lile lenye maua madogo mekundu au pink na miiba mpaka kwenye kucha, linatoa karibu mwaka mzima na mbuzi hawaligusi. Ukipata kwenye vitalu vya miche ule mmea wa kutambaa wenye maua ya machungwa marefu kama vidole, unaofunika uzio mzima Juni mpaka Agosti, chukua, nao asili yake ni Brazil na kiangazi ndio sikukuu yake.

Msanapichi usiutegemee, huo utapukutika majani na utabaki mikono mitupu, usiung'oe ukidhani umekufa. Jakaranda ngoja Septemba Oktoba. Mkrismasi, ule mti mkubwa wa maua mekundu, ngoja Novemba kwenda Desemba. Watu wanapanda hii mitatu alafu wanashangaa mbona Juni hamna kitu.

Waridi ni habari nyingine. Linakunywa maji, sikudanganyi, ila hiki kibaridi cha usiku linakipenda kuliko joto la Oktoba, rangi inakolea na ua linakaa siku nyingi zaidi kwenye shina. Kwa hiyo kama unayo maji ya kutosha kwa miti michache, ile michache iwe waridi. Hesabu yake ni rahisi, ukilikata linachukua kama wiki 6 mpaka 8 kurudisha maua, kwahiyo ukitaka maua katikati ya Juni kata mwisho wa Aprili. Toa matawi makavu na yanayosuguana katikati, yaliyobaki yafupishe juu kidogo ya jicho linaloangalia nje, kisha weka samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, isiwe ile bado ina moto. Maua yakinyauka yakate usiache yafunge mbegu, likifunga mbegu linajiona limemaliza kazi.

Kwa wanaotaka rangi za chini chini pale mbele ya baraza, vinka, zinia, marigodi na portulaka. Vinka nayo ni ya Madagaska, ngumu sana, inaota mpaka kwenye ufa wa sakafu, ila ina sumu kwahiyo isiingie kwenye mboga wala kwenye midomo ya watoto. Zinia inataka siku 60 mpaka 70 kutoka mbegu mpaka ua, maana yake mbegu za Juni unazimwaga mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili mvua bado zipo, mvua yenyewe inakukuzia miche bure. Umechelewa na sasaivi ni mwezi wa sita? Mwaga tu leo, utaona maua Agosti, ila hapo ndoo itakuhusu. Portulaka inafungua jua likiwaka na jioni inajifunga, nzuri kwenye makopo ya rangi yaliyokatwa na juu ya ukuta. Na usidharau majani, krotoni moja yenye njano na nyekundu kwenye pipa karibu na mlango inabeba uwanja mzima, isipokuwa inataka maji kidogo na isipigwe na ule upepo mkavu wa moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye udongo na maji maana hapo ndio watu wengi wa Tabora tunakwama. Udongo wetu sehemu nyingi ni mchanga, unamwaga ndoo saa kumi na mbili asubuhi, mchana umekauka kama vile hujafanya kitu. Kwa ile mimea inayokunywa, waridi na krotoni na kana, ule mmea wenye majani mapana kama ya mgomba, chimba shimo la dhiraa moja, changanya ule mchanga na samadi na udongo mweusi wa mbugani, ule unaonata, kiasi kidogo tu unatosha kushika maji. Bogenvilia, mshubiri na adeniamu usiziwekee udongo wa mbuga, zitaoza miguu. Tengeneza kisahani kuzunguka shina ili maji yasikimbie, na mwagilia mara mbili kwa wiki maji yaende chini badala ya kunyunyiza kila siku juu juu, mizizi inafuata maji, ukiiwekea juu itabaki juu na jua linaichoma.

Maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini ni kweli, lakini bili ni bili, na walio nje ya mji bado dumu linapanda kwenye baiskeli. Kwahiyo maji ya kufulia na kuogea usiyaache yapotelee njiani. Pale maji ya bafu la nje yanapotokea panda kana, nyekundu au njano, itatoa maua kiangazi chote haina habari na mvua, na panda nyingi kidogo maana inaficha na ukuta wa bafu. Maji ya suuza ya mwisho ndio mazuri kwa maua mengine, yale ya kwanza yenye sabuni nyingi mpe kana, na yaliyotiwa jiki usimpe mmea wowote. Kila baada ya muda wape maji safi ya kusafisha chumvi ya sabuni. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa tundu dogo kwenye kifuniko, ipindue uichomeke karibu na mzizi wa waridi, inadondoka taratibu, hii inafaa sana ukisafiri.

Kuhusu matandazo, kila anayefundisha bustani atakwambia funika udongo na nyasi kavu, ni ushauri mzuri ila anayekwambia hivyo hajakutana na mchwa wa Tabora. Kiangazi hawa hawana cha kula, ukiwatandikia nyasi kavu umewaandalia meza, wakimaliza nyasi wanapanda shina. Haina maana uache kutandaza, ila tandaza nyembamba, acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina pasiwe na kitu, na kila wiki inua uangalie chini, ukiona ile mistari ya udongo wao ivunje na mwaga majivu ya jikoni. Maganda ya karanga ni hivyo hivyo, ni mazuri lakini yachunguze. Njia ninayoiamini mimi zaidi ni kokoto au vipande vya matofali na vigae, mchwa hali tofali, vumbi halipandi kwenye majani ya chini, na pale mbele panapendeza hata mmea ukiwa bado mdogo.

Alafu mifugo. Mavuno yakishatoka shambani mbuzi na ng'ombe wanaachiwa, na kijani pekee kilichobaki mtaani ni bustani yako. Kama huna uzio, mpaka wako uwe bogenvilia na taji la miiba, vile vitamu kama waridi na zinia viwe ndani. Kuku wa kienyeji nao wanapenda kuoga vumbi kwenye udongo uliolegea, ukishapanda tandika matawi ya miiba juu mpaka miche ishike.

Wadudu wa msimu huu ni wawili wakubwa. Utitiri mwekundu, hawa ni wadogo mno, geuza jani utaona vidoti na utando mwembamba sana na jani lenyewe limekuwa na madoa madoa ya njano. Wanapenda ukavu na vumbi, kwahiyo kupiga maji chini ya majani asubuhi mara mbili tatu kwa wiki kunawavuruga kuliko dawa nyingi. Na vidukari kwenye vichipukizi vya waridi, hao wapulizie maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, au majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha kisha ukayachuja. Fanya jioni jua likishalegea, ukipulizia saa sita mchana utaunguza majani.

Tahadhari kwa wenye watoto. Utomvu mweupe wa poinsetia na taji la miiba unawasha ngozi na kwenye macho ni balaa, ukikata vaa glavu na nawa. Adeniamu ina sumu, na oliyanda ambayo watu wanaipanda kwa sababu haitaki maji ina sumu kali mti mzima, mimi kwenye nyumba yenye watoto wadogo siipandi wala simshauri mtu.

Na kabla hujaanza kuhesabu miche ya kununua inua macho juu, maana karibu kila uwanja wa Tabora una mwembe. Watu wanakumbuka embe la Desemba wanasahau ua la Juni na Julai. Zile usiku za baridi ndio zinaupa mwembe amri ya kutoa, matawi yake ya juu yanageuka shada za njano na wekundu hafifu, kila shada lina mamia ya viua vidogo, na asubuhi ukisimama chini unasikia nyuki na nzi wanavuma. Miembe mikubwa ya Kwihara, kwenye ile njia ya zamani ya misafara kutoka Ujiji kwenda pwani, mwezi wa saba nenda kaiangalie. Kwa wako wa nyumbani usiumwagilie mwezi wa tano na wa sita mwanzoni, maji yanaufanya utoe majani badala ya maua, na usipulizie sumu ya wadudu ukiwa umechanua, hao nzi na nyuki ndio wanaobebesha embe. Maji uuanzishie vitunda vikishafika ukubwa wa harage.

Agosti kwenda Septemba joto linaanza kupanda na mambo yanabadilika. Poinsetia ikishapauka ikate ibaki urefu wa goti, bogenvilia punguza yale matawi yaliyokimbia mbali, na usitupe vipande. Vya poinsetia na taji la miiba viache kivulini siku kadhaa utomvu ukauke mdomoni kabla ya kupanda. Vya bogenvilia chagua vyenye unene wa kalamu, vichomeke kwenye viriba vya mchanga na samadi kidogo, viweke kivulini na maji kiasi, na mvua ya Novemba ikianza vyenye mizizi unavishusha ardhini. Vikizidi mpe jirani mwenye ule uwanja mweupe.